Wimbo Nilioutafsiri

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu katika shule ndogo ya watoto wa wafanyakazi kwenye shamba moja la mzungu karibu na Njoro, nilipotafsiri wimbo uliompeleka mtu kizuizini. Katika maisha yangu yote nimewaambia watu wawili tu. Wa kwanza ni mume wangu, ambaye sasa ni marehemu. Wa pili ni yule aliyefungwa.

Baba yangu alitoka Maragoli akaja kukamua ng'ombe wa mzungu huyo kabla sijazaliwa. Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari mitatu nyuma ya zizi, na kwa kuwa majirani zetu wengi walikuwa Wakikuyu, nilianza kuongea lugha yao kabla sijaijua vizuri ya mama yangu. Kiswahili tulikiongea na kila mtu. Kiingereza nilikipata shule ya misheni, nikakishika hata walimu wakawa wananituma niwasomee wageni. Lugha zangu nne zilinipa kiburi. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za miaka ile hudhani kila kosa lilitokana na woga. Woga ulikuwepo, lakini langu halikuanzia hapo.

Pembeni mwa shamba, penye miti ya mikaratusi, palikuwa na kanisa la mawe na nyumba ya mmisionari Mmarekani na mke wake. Mke huyo hakutaka kuitwa memsahibu. Alituambia tumwite Mama, na ingawa hakuwa na mtoto, tukamwita hivyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kama ya mtu aliyekulia kazini, na alikuwa na santuri ya kuzungusha kwa mkono pamoja na sanduku la sahani zake alilokuja nalo kwa meli.

Kila Jumamosi alasiri, kazi ya maua ya pareto na ya ngano ikiisha, kwaya ilikusanyika kanisani, naye aliibeba santuri mwenyewe kutoka nyumbani. Kabla ya kuimba alitusikilizisha nyimbo za kwao. Mume wake akiwepo zilikuwa za tarumbeta na ngoma, nyimbo za kusifu bendera na askari na uzuri wa nchi yao. Mume alisimama wima, mkono kifuani, macho ameyafumba. Hatukumcheka. Tuliona anaikumbuka nchi yake, na sisi tulijua kukumbuka nchi ni nini.

Mume akisafiri kuyatembelea makanisa ya Molo na Elburgon, Mama alichukua sahani zilizokuwa chini kabisa ya sanduku. Hizo zilikuwa na sauti nyingine. Mtu mmoja na gitaa, sauti nzito, inavuta maneno polepole kama mtu anayepanda kilima na mzigo.

"Huyu ni mtu mweusi," alituambia mara ya kwanza.

Tulishangaa. Wengine wetu hatukujua kwamba Amerika kuna watu weusi.

Aliyeuliza swali alikuwa fundi wetu, seremala wa shamba, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Alikuwa Mkikuyu wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na mabinti wawili, mtu wa maneno machache na sikio kali. Ukikosea sauti kidogo tu, aligeuza kichwa kukuangalia, basi, ungependa ardhi ipasuke.

"Anaimba nini?" fundi akauliza.

"Anataka haki yake," Mama akajibu. "Anasema amelima sana na hakuvuna."

"Na serikali yenu inawaacha waimbe hivyo?"

Mama akafikiri. "Wengine inawaacha. Wengine inawafunga."

Kisha akatueleza habari za baba yake. Baba yake hakuwa mweusi, lakini alikuwa akichimba makaa ya mawe chini ya ardhi, na wachimbaji walipogoma walichukua wimbo uleule wa kusifu nchi, ule watoto waliouimba shuleni mbele ya bendera, wakautilia maneno yao kuhusu njaa na mabwana wa migodi. Polisi walikuja. Walisikia sauti ya wimbo wa taifa lao wakasimama kwa heshima, mpaka walipoanza kuyasikiliza maneno. Mama alicheka akisimulia, halafu akaacha kucheka. Akatuimbia wimbo huo mwenyewe, kwanza kwa maneno ya shuleni, kisha kwa maneno ya baba yake. Nilimtafsiria fundi aliposhindwa kufuata.

Fundi alimwomba tu aurudie, ili ashike sauti.

Baada ya wiki tatu hivi alituletea wimbo mpya. Sauti ilikuwa ileile ya Kimarekani, ila ameipunguza mwendo na kuigawa kwa sauti nne, na maneno yalikuwa ya Kikikuyu. Ulisifu mvua, udongo mwekundu, na mikono ya wanaolima. Mwisho wa kila ubeti ulisema shamba litarudi kwa mwene. Mwene kwa Kikikuyu ni mwenyewe, yule mwenye kitu. Waumini pia humwita Mungu hivyo, kwa kuwa vitu vyote ni vyake. Tulipoimba mara ya kwanza baadhi ya kina mama walilia, na mzee mmoja wa sauti ya nne alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Siku hiyo niliondoka kanisani pamoja na fundi, tukashuka njia ya zizi. Nikamuuliza, "Fundi, mwene ni nani katika wimbo wako?"

Akatabasamu. "Mwalimu, anayetaka kumsikia Mungu atamsikia Mungu. Anayetaka kusikia mwingine, masikio ni yake."

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Sasa nieleze kilichoniuma. Tangu kwaya ianze, mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Nilisimama mbele peke yangu, nikaimba mstari wa kwanza, wengine wakanipokea. Kwa wimbo huu fundi alimchagua msichana mwingine, mchuma pareto ambaye hakujua hata kusoma. Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu mbele ya watu wote.

"Wewe unauimba kama unausoma. Yeye anauimba kama ni wake."

Nilicheka ili ionekane sijaumia. Nilipofika nyumbani sikula, nikamwambia mama yangu naumwa na kichwa. Leo nikiyapima maneno yale naona alisema kweli bila ubaya wowote. Ningeambiwa na Mmarekani, ningeshukuru.

Hiyo ilikuwa miezi ya Hali ya Hatari, serikali ikipigana na Wakikuyu waliodai ardhi. Wakikuyu walipigwa picha na kupewa kadi za kijani, na asiyekuwa na kadi alibebwa. Malori yalikuwa yakitoka Nakuru yakiwa yamejaa familia zinazorudishwa rizavu, sehemu walizotengewa Wakikuyu ambazo watoto waliozaliwa huku hawajawahi kuziona. Katikati ya hayo yote ikaja habari kwamba Uingereza ina malkia mpya anayevishwa taji, na kwamba makwaya ya mashamba yataimba Nakuru siku ya sherehe. Fundi alitaka wimbo wake uimbwe huko. Sijui kama ulikuwa ujasiri au wazimu. Nadhani aliamini neno mwene litamlinda kwa maana zake mbili.

Wakati huo nyimbo za Kikikuyu zilikuwa zimeanza kushukiwa, maana watu walichukua sauti za kanisani wakatia maneno ya kudai ardhi. Afisa wa wilaya akaamuru kila kwaya ilete maneno yake yametafsiriwa kwa Kiingereza, na mmisionari atie sahihi. Mama akaniita. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, likizo ya shule, na mvua nyembamba inanyesha. Aliniweka mbele ya taipu yake, akakaa kando yangu na kikombe cha chai.

Beti zilikwenda vizuri. Nilifurahia kazi. Nilitafuta neno zuri la udongo, nikapata neno zuri zaidi la mvua. Tukafika kwenye ule mstari. Nikapiga: shamba litarudi kwa mwenyewe.

Mama akasoma juu ya bega langu. Akaweka kikombe chini.

"Mwenyewe," akasema. "Nani?"

"Mwenye shamba, Mama."

"Lakini kanisani nimewasikia mkimwita Mungu kwa neno hilo."

"Ndiyo, hutumika."

"Basi kwa Kiingereza tungeandika kwa herufi kubwa. Ukiandika kwa herufi kubwa ni Mungu. Shamba linarudi kwa Mungu. Hakuna atakayeuliza." Alinitazama. Macho yake yalikuwa yakiniomba, nami niliona yananiomba. "Hilo si ndilo analosema fundi?"

Alikuwa amefungua mlango akaushika kwa mkono. Kilichobaki kilikuwa mimi kupita.

Nikasema, "Hapana, Mama. Angemaanisha Mungu angesema vingine. Hapa anamaanisha watu."

"Una hakika?"

"Hii ni lugha niliyokua nayo. Nina hakika."

Ningependa kuandika kwamba nilifikiria msichana wa pareto wakati ule, au maneno ya fundi mbele ya kwaya. Ingekuwa rahisi, ningekuwa mtu mwenye wivu, na wivu watu wanaujua. Ukweli ni kwamba nilijisikia mkubwa. Mzungu aliniuliza neno, nami nikamsahihisha. Wivu ulikuwa chini, umelala, unafurahi.

Mama alisema, "Ngoja kwanza, tusitoe karatasi. Nitazungumza na fundi." Lakini mume wake akaingia na buti zenye matope, akiwa njiani kwenda Nakuru kwa afisa wa wilaya. Akauliza kama kazi imeisha. Akaivuta karatasi kutoka kwenye taipu, akaisoma amesimama, akairudia. Uso wake ukabadilika.

"Nimewasikia wakiimba haya kwa sauti ya wimbo wetu," akamwambia mke wake. "Umewapa wimbo wetu wakaufanyia hivi?"

"Baba yangu alifanya hivihivi," Mama akajibu.

"Baba yako hakuwa katika nchi yenye vita."

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Mama alimfuata hadi kwenye gari, bila koti, kwenye mvua. Kupitia dirishani niliwaona wanabishana, yeye ameshika mlango wa gari. Kisha gari likaondoka. Alirudi ndani amelowa, akapita karibu nami bila kunitazama, akaenda chumbani.

Ningeweza kukimbia hadi karakana ya fundi. Ni mwendo wa dakika kumi. Ningemwambia, fundi, karatasi imekwenda, chukua watoto wako uende. Sikwenda. Nilirudi nyumbani nikapiga pasi nguo za kazi.

Walimchukua siku ya pili, saa nne asubuhi, askari wanne na ofisa mmoja mzungu kijana. Alikuwa akitengeneza mlango wa ghala. Alimwomba ofisa dakika moja afunge bawaba ya mwisho, mlango usije ukamwangukia mtu, na ofisa akakubali. Walioshuhudia walisema aliifunga bila kuharakisha. Baada ya siku tano lori lilikuja kumchukua mke wake na mabinti wawili, pamoja na familia nyingine kumi na moja. Mke wake aliniona nimesimama karibu na shule pamoja na watoto wa laini. Akanipungia mkono. Nami nikampungia.

Kwaya ikabaki nusu. Msichana wa pareto naye alikwenda na lori. Mmisionari akasema ni lazima tuende Nakuru hata hivyo, akanipa mimi kazi ya kuongoza, na akachagua wimbo wa kumwombea malkia. Niliuanzisha mimi, peke yangu, mbele ya umati, nimevaa gauni jeupe jipya. Uwanja ulijaa walowezi na wake zao kwenye viti, sisi weusi tukisimama upande wa pili wa kamba. Nilipomaliza mstari wa kwanza palikuwa kimya, kisha sauti zikanipokea nyuma, chache, nyembamba, zikitafuta zile zisizokuwepo. Walipiga makofi. Mama alikuwa ameketi safu ya pili. Mikono yake ilikuwa mapajani, na haikusogea.

Mama na mume wake walirudi kwao kabla mwaka haujaisha. Siku ya kuondoka niliwasaidia kufunga vitabu kwenye makasha. Tulipobaki wawili Mama akaniambia, "Mimi ndiye niliyemwambia habari za baba yangu. Nilisimulia kama kichekesho. Sikufikiri nchi hii ni ipi." Alingoja. Nadhani aliningoja mimi nami niseme langu. Nikasema, "Pole, Mama," nikaendelea kufunga kamba.

Niliolewa, nikahamia Nakuru mjini kufundisha. Karibu mwisho wa miaka hiyo ya hamsini wafungwa walianza kutoka, wachache wachache, wamekonda, na wengi wakarudi huku Bonde la Ufa kutafuta kazi kwa sababu huko rizavu hawakuwa na pa kulima. Siku moja mwalimu mkuu alinituma kwa seremala mmoja aliye nyuma ya soko, tuagize madawati. Nilimtambua kwa mgongo: fundi wetu. Alikuwa akipiga randa ubao, na nywele zake zilikuwa nyeupe ingawa hakufika hata miaka arobaini.

"Mwalimu!" akasema. Alifurahi. Hilo sikulitegemea. Akanifutia kigoda kwa aproni yake, akauliza habari za baba yangu, za mama, za ng'ombe wa mzungu. Nikauliza za kwake. Binti mkubwa yupo, akasema. Mdogo aliwafia rizavu mwaka wa kwanza, kikohozi, nyumba ilikuwa bado haina paa.

"Yule mama wa Kimarekani aliniuza," akasema, tena bila hasira, kama mtu anayesema jana ilinyesha. "Alituchezea sahani zake za watu weusi tufungue mioyo, kisha akapeleka maneno yetu serikalini. Nilimfikiria kila siku kambini. Wenzangu walikuwa na watu wengi wa kuwachukia, mimi nilikuwa na yeye tu."

Nikaagiza madawati ishirini nikaondoka. Siku zilizofuata nilifundisha vibaya, nikawapigia watoto kelele. Mume wangu aliniuliza hadi nikamwambia, akasema, "Mwache aamini hivyo. Mzungu yuko mbali, hadhuriki." Aliniambia kwa huruma. Lakini niliona kwamba nikimtii nitakuwa nimemwuza mtu wa pili, safari hii Mama.

Nikarudi wiki iliyofuata, adhuhuri, wasaidizi wake wamekwenda kula. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Taipu, kikombe cha chai, herufi kubwa na herufi ndogo, jinsi Mama alivyonipa njia nikaikataa, jinsi alivyofuata gari kwenye mvua. Sikuruka kitu. Nilisema hata habari za kuanzisha wimbo wa malkia na gauni jeupe.

Aliendelea kupiga randa kwa muda. Kisha akaacha.

"Kwa sababu nilikunyima kuanzisha wimbo?"

"Kwa sababu hiyo pia. Na kwa sababu nilitaka nionekane najua."

"Ulijua," akasema. "Ulitafsiri sawasawa. Nilimaanisha watu." Akapangusa vumbi la mbao kwenye mkono, mara moja, mara ya pili. "Ningekuwa na nguvu leo ningekupiga, mwalimu. Haki ya Mungu ningekupiga. Kaa mbali kidogo."

Nikarudi nyuma hadi mlangoni.

"Yule mama unajua anuani yake?"

"Ninayo."

"Mwandikie. Mwambie nilimchukia bure miaka sita, naomba radhi. Andika jina langu lote. Uandike kama nilivyosema, usiongeze chako."

Niliandika palepale, kwenye karatasi ya kupimia mbao, nikamsomea, akaniambia nibadilishe neno moja, nikabadilisha. Niliituma siku hiyohiyo. Jibu halikuja. Sijui kama barua ilifika.

Nilipokuwa naondoka akaniita.

"Mke wangu hajui, na asijue. Amemzika mtoto, ameshamaliza kutafuta sababu. Ukimwambia utakuwa unajipunguzia mzigo wako tu."

Nimelishika hilo. Mke wake alikuwa na kibanda cha mboga sokoni, na kila nilipopita aliacha wateja akaja kunikumbatia, maana katika wote wa shamba lile, alisema, mimi ndiye pekee niliyempungia mkono siku ya lori. Aliniwekea kabichi nzuri, akakataa chochote nilichompa. Nilijaribu kupita njia nyingine, akaniuliza kama amenikosea. Basi nikaendelea kupita. Nilibeba kabichi zake nyumbani, nikazipika, watoto wangu wakala. Mimi nilikaa nao mezani nikisema nimeshiba.